Aliyefufuka na Makovu Yake

Katika Injili nne hakuna hata moja inayosimulia jinsi Yesu alivyofufuka. Waandishi wake, ambao hukumu ya Pilato wameieleza hatua kwa hatua, na njia ya Golgotha, na kura zilizopigwa juu ya vazi, na siki iliyoinuliwa kwa mwanzi, na ujasiri wa Yusufu wa Arimathaya aliyeomba mwili ili ausitiri, hunyamaza wote wanapofika mlangoni mwa kaburi. Na wanapofungua tena vinywa, jiwe limekwisha kuviringishwa, sanda imebaki, mwenyewe hayumo. Tukio ambalo dini nzima imesimama juu yake halikuwa na shahidi wa macho, wala walioliandika hawakuthubutu kulijaza pengo hilo kwa hekaya. Waliolijaza walikuja baadaye. Katika maandishi ya karne ya 2 yaitwayo Injili ya Petro, ambayo Kanisa halikuyakubali, Yesu hutoka kaburini mbele ya askari akiongozwa na watu wawili walioshuka kutoka juu, kichwa chake kimezipita mbingu, na nyuma yao msalaba unafuata na kusema kwa sauti. Mtu akiyasoma hayo, kisha akairudia Injili ya Yohana, ambamo Maria Magdalena amwona Mfufuka akamdhania kuwa mtunza bustani, hatakawia kutambua ni yapi yaliyoandikwa na watu wa tamaa ya maajabu, na ni yapi yaliyoandikwa na watu waliotii ushuhuda walioupokea.

Ukimya huo una faida yake. Msomaji anyimwaye habari ya namna hubaki na swali moja tu, yaani ni nani huyu aliyefufuka, na swali hilo Injili hulijibu bila kusita: ni yule yule aliyesulubiwa. Hata kaburi lilipokuwa tupu, kijana mwenye vazi jeupe aliyesema na wanawake alimtaja kwa msalaba wake. Katika sura hii napenda kukaa na jibu hilo, kwa kuwa naona Pasaka yetu, katika mahubiri mengi na katika nyimbo nyingi, imegeuzwa kuwa sikukuu ya kuifuta Ijumaa Kuu, kana kwamba siku ya tatu Mungu aliyarudisha mambo yalivyokuwa na kuwataka watu wasiyataje tena yaliyopita. Ilhali habari yenyewe ni nzito kuliko hiyo, na ina faraja kubwa zaidi kwa wenye misiba.

Walioipokea kwanza habari hiyo hawakuitazamia. Maria Magdalena na wenziwe walikwenda kaburini alfajiri ya Jumapili wakiwa wamechukua manukato, na mtu hamchukulii aliye hai manukato ya maziko. Nikodemo alikwisha kuleta manemane na uudi, yapata ratili 100, mzigo wa kumzikia mfalme; lakini jua la Ijumaa lilikuwa likizama, Sabato imekaribia, na maziko yalifanywa kwa haraka, nao wanawake walitaka kumaliza kazi iliyokatishwa. Yeyote aliyewaona kina mama wa kwetu wakimwosha marehemu, wakimfunga kidevu, wakimnyoosha viungo kabla havijakakamaa, wakisema naye kwa sauti ya chini kana kwamba asikia, atafahamu wale walikwenda kufanya nini, na atafahamu pia kwa nini Marko asema kwamba walitoka mle mbio, wakitetemeka, wasimwambie mtu neno. Katika nakala mbili kongwe sana za Injili yake, zote za karne ya 4, moja iliyohifadhiwa Vatican na moja iliyopatikana katika monasteri ya Mlima Sinai, kitabu kinakoma hapo hapo kwenye hofu, na zile aya 12 tulizozizoea kuzisoma baadaye hazimo.

Aghalabu wapinzani wamesema kwamba mitume waliitunga habari hii. Kama waliitunga, waliitunga vibaya mno, kwa kuwa katika mabaraza ya hukumu ya zama zile ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito, na mwanahistoria wa Kiyahudi Yosefo, aliyeishi karne ile ile, ameandika kwamba haupaswi kukubaliwa. Luka naye hakuona haya kueleza kwamba mitume wenyewe waliyahesabu maneno ya wanawake hao kuwa upuuzi. Paulo, alipowaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, aliorodhesha mashahidi kwa utaratibu, Kefa, kisha wale 12, kisha ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa wangali hai wakati ule, kisha Yakobo, mpaka mwisho akajitaja mwenyewe, wanawake hakuwataja. Nadhani alikuwa akitumia orodha iliyofaa kutolewa mbele ya watu wenye kudai hoja. Lakini Injili, zilizoandikwa baada yake, zilimrudisha Maria mahali pake pa kwanza, na sioni sababu ya kufanya hivyo isipokuwa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nakuja kwenye makovu. Yohana asimulia kwamba jioni ya Jumapili ile, milango ikiwa imefungwa kwa hofu, Yesu alisimama katikati ya wanafunzi, akawapa amani, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Tomaso hakuwapo, na aliposimuliwa alikataa kusadiki mpaka atie kidole katika alama za misumari. Watu wamemwonea Tomaso kwa karne nyingi, wakamfanya kuwa mfano wa mtu wa tashwishi, ingawa hakuomba kitu ambacho wenziwe hawakuwa wamekwisha kuonyeshwa. Aliomba makovu. Hakusema kwamba atasadiki akiona nuru, au malaika, au uso uliogeuka kwa utukufu. Alijua kwamba mtu yeyote aweza kutokea usiku akadai jina la marehemu, na kwamba kama ni Bwana wake kweli, atakuwa na majeraha yale. Mchoraji wa Italia Caravaggio, katika picha mashuhuri aliyoichora mwanzoni mwa karne ya 17, ameonyesha kidole cha Tomaso kimezama ubavuni mwa Yesu. Yohana hasemi kwamba aligusa. Asema tu kwamba baada ya siku nane alialikwa aguse, naye papo hapo akakiri.

Hebu tulitazame jambo hili polepole. Mwili ulioweza kuingia penye milango iliyofungwa, ambao mauti hayakuwa na mamlaka juu yake tena, haukushindwa kuziba matundu ya misumari. Kama Mungu angetaka, Mwanawe angetokea akiwa mzima kama siku aliyobatizwa Yordani, asiwe na hata alama moja ya kumkumbusha mtu yale aliyotendwa na utawala wa Roma na makuhani wa Yerusalemu. Makovu yaliachwa. Yaliachwa katika mwili uliotukuzwa, ambao kwa imani ya Wakristo hauharibiki dahari na dahari, na maana yake ni kwamba ubaya uliotendwa Ijumaa ile hautasahauliwa hata mbinguni. Umeponywa, lakini haukukanushwa. Kanisa la kale lililifahamu jambo hili vema kuliko sisi. Katika kesha la Pasaka, Wakatoliki wanapouwasha moto mpya na kuupeleka mshumaa mkubwa ndani ya kanisa lenye giza, huwa wamepachika katika nta yake chembe 5 za ubani kwa umbo la msalaba, kwa ukumbusho wa majeraha matano. Hiyo nuru yenyewe, inayopokezwa kutoka mkono hadi mkono mpaka kanisa zima ling'ae, hutoka kwenye mshumaa wenye majeraha.

Ili tujue kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa, yafaa tukumbuke tumaini la ufufuo lilitoka wapi. Katika Israeli ya kale halikuanza kama udadisi wa watu walioogopa kufa. Lilipata nguvu katika karne ya 2 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane alipoikataza dini ya Wayahudi na kuwaua walioishika, na waliobaki wakajiuliza haki ya hawa i wapi. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo chasimulia habari ya ndugu saba walioteswa na kuuawa mbele ya mama yao, na mmojawapo akanyoosha mikono yake ikatwe, akisema kwamba aliipata kutoka mbinguni na kwamba atumaini kuipata tena kutoka huko huko. Kwa hiyo ufufuo, tangu asili yake, ulikuwa jambo la haki: Mungu hawezi kuwaachia wauaji neno la mwisho. Mafarisayo waliishika imani hiyo, na Masadukayo, jamaa za makuhani wakuu, wenye mali na madaraka ya hekalu, waliikana. Mtu ambaye mambo ya dunia yamemnyookea haoni upesi haja ya kiyama.

Na msalaba nao ulikuwa adhabu ya aina yake. Raia wa Roma hakusulubiwa kwa kawaida. Walisulubiwa watumwa, na waasi, na watu wa mataifa yaliyotekwa. Baada ya uasi wa Spartacus, mwaka 71 kabla ya Kristo, watumwa 6,000 walitundikwa kandokando ya njia itokayo Capua kwenda Roma, na katika hao wote historia haikuhifadhi jina hata moja. Ulikuwa ndio mradi wa adhabu hiyo: kumfanya mtu asiwe mtu, afe uchi hadharani, na aghalabu asipate hata kaburi. Mkristo asemapo kwamba Mungu alimfufua Yesu, asema kwamba kutoka katika safu hiyo ndefu ya waliodhalilishwa Mungu alimwinua mmoja, akaitangua hukumu ya mahakama iliyomwua, na makovu yake ni ushahidi katika kesi hiyo.

Kwa sababu hii sikubaliani na wahubiri ambao, wakisimama mazishini, huutaja mwili kama vazi kuukuu lililovuliwa, wakidhani kwamba huo ndio Ukristo. Hayo yako karibu zaidi na Sokrate, aliyekunywa sumu Athene mwaka 399 kabla ya Kristo kwa utulivu wa kustaajabisha, akiamini kwamba nafsi yaenda kuwa huru. Paulo alipofika Athene akahubiri katika Areopago, wenye elimu walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja kufufuliwa kwa wafu. Hapo wengine walidhihaki. Nafsi isiyokufa wangaliikubali bila taabu. Lililowachukiza ni kwamba Mungu aujali mwili.

Katika jambo hili Mkristo wa pwani ana jirani anayemwelewa kuliko wale wenye elimu wa Athene, kwa kuwa Waislamu nao wasadiki kwa yakini kwamba wafu watafufuliwa siku ya Kiyama na kusimamishwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Tofauti kati yao ni kubwa, nami sitaki kuipunguza, maana Uislamu haukubali kwamba Isa bin Mariamu alisulubiwa. Lakini yafaa ijulikane iko wapi. Mkristo asema kwamba Kiyama, kinachongojewa mwisho wa zamani kwa watu wote, kimekwisha kuanza katika mtu mmoja, kabla ya wakati wake, katikati ya historia, nje ya ukuta wa mji wa Yerusalemu. Paulo amwita limbuko. Mkulima aletaye mashuke ya kwanza mbele ya madhabahu hasemi kwamba mavuno yamekwisha. Asema kwamba shamba limeiva na kwamba kilichobaki ni cha aina ile ile.

Unguja, katika mtaa wa Mkunazini, lipo kanisa ambalo kwangu mimi ni tafsiri ya Pasaka iliyo bora kuliko vitabu vingi. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kufunga masoko hayo, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wamisionari wa Universities' Mission to Central Africa waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata, aliisimamia kazi hiyo huku akiendelea na kazi yake nyingine ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Akafa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Inasimuliwa kwamba madhabahu yenyewe imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwapigia watumwa viboko, na katika sakafu pamewekwa duara la marumaru kuonyesha palipokuwa. Mji wa Unguja haukukosa viwanja safi zaidi. Kanisa lingaliweza kujengwa ufukweni, penye upepo, mbali na kumbukumbu ya watoto walioshikwa mataya na kutazamwa meno kama punda. Lilijengwa juu ya jeraha, na mkate unaomegwa hapo kila Jumapili kwa ukumbusho wa mwili uliotolewa humegwa mahali miili ya watu ilipopimwa na kupewa bei. Wala haitupasi kusahau kwamba Wakristo nao walikuwa miongoni mwa wanunuzi, na mashamba ya miwa ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi yalilimwa na watu waliosafirishwa kutoka pwani yetu. Wala kwamba utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Kanisa lile halidai kwamba uovu ulikwisha siku lilipojengwa. Limeliweka kovu mahali panapoonekana.

Ipo desturi nyingine niipendayo kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1732, katika kijiji cha Herrnhut nchini Ujerumani, kundi la vijana wa jamii ya Wamoravian walikubaliana kwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka, wakaimba huko juu ya kilima mpaka kulipopambazuka. Makaburi yale yalikuwa, na yangali, ya mawe yaliyolazwa chini, yaliyo sawa kwa tajiri na kwa mtumishi, asipatikane wa kumpita mwenziwe kwa urefu wa mnara. Desturi hiyo ikaenea popote walipokwenda, na walipofika Rungwe mwaka 1891 ikaja pamoja nao. Mpaka leo, katika sharika nyingi za Wamoravian na za Walutheri Tanzania, waumini huamka kungali giza, wakaenda makaburini na tarumbeta zao. Katika nyanda za juu za kusini Pasaka huangukia katika mvua za masika, hivyo huwa ni kutembea katika tope na majani yaliyolowa, ukungu umelala juu ya migomba, mtoto amebebwa mgongoni amefunikwa kitenge, na wazee wamefuatana na fimbo zao. Hufika wakasimama katikati ya wafu wao wenyewe, na katika sala ya asubuhi hiyo huombewa ushirika wa milele pamoja na wale waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Hapo ndipo hutangazwa kwamba Kristo amefufuka, na hapo ndipo wanapoitikia kwamba hakika amefufuka.

Maneno hayo, yakisemwa katika ukumbi uliopambwa maua, yaweza kusemwa na mtu yeyote. Kuyasema mbele ya tuta la udongo ambalo bado halijaota majani, ambamo mama amemlaza mwanawe mwezi wa pili uliopita, ni kazi nyingine. Kaburi halifunguki. Ibada ikiisha liko vile vile, na mama yule hurudi nyumbani kwenye kitanda kisicho na mtu. Imani ya Pasaka haimwambii kwamba msiba wake si msiba, na mtu amwambiaye asilie kwa kuwa ni Pasaka amemdhulumu, tena amemdhulumu kwa jina la yule aliyelia kaburini kwa Lazaro. Imani humwambia kwamba mwili ule aliounyonyesha haukuhesabiwa kuwa takataka mbele ya Mungu, na kwamba siku atakapourudishiwa atautambua, kama Tomaso alivyotambua.

Katika masimulizi yote ya Pasaka hakuna ambapo Mfufuka anawalipiza kisasi waliomkosea, wala ambapo anajifanya kwamba hawakumkosea. Yohana aeleza haya kwa ustadi mkubwa katika sura yake ya mwisho. Usiku wa kukamatwa, Petro alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu alipomkana Bwana wake mara tatu. Na sasa, kando ya bahari ya Tiberia, baada ya usiku mzima wa kuvua bila kupata kitu na asubuhi ya kuvuta jarife lenye samaki 153, Petro afika pwani na kukuta moto wa makaa, na juu yake samaki na mkate. Mfufuka amewapikia. Walipokwisha kula, alimwuliza Petro kama ampenda, akamwuliza tena, akamwuliza mara ya tatu, na Petro akahuzunika kwa kuwa ilikuwa mara ya tatu. Ilimpasa ahuzunike. Kosa lake liliguswa mahali pale pale lilipokuwa, kwa idadi ile ile, mbele ya moto wa aina ile ile, na kwa kila jibu alilotoa alikabidhiwa kazi ya kuwalisha kondoo.

Hakuahidiwa kinga. Aliambiwa kwamba atakapokuwa mzee atanyoosha mikono yake na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka, na mapokeo ya kale ya Kanisa yasema kwamba aliuawa Roma zamani za Nero, kwa msalaba. Yohana aliyaandika haya wakati ambapo, kwa maoni ya wataalamu wengi, Petro alikwisha kufa, na wasomaji wake waliijua habari hiyo. Wala hakuona kwamba kifo kile kilibatilisha neno lolote katika yale aliyoyasimulia juu ya kaburi tupu. Alikitaja kama jambo ambalo Petro angemtukuzia Mungu, kisha akaendelea kueleza mazungumzo yao pale pwani.